Kengele ya Pili ya Kisauni

Wageni walikuwa saba. Walivuka daraja kutoka kisiwani Mombasa alasiri ya Jumamosi moja mwaka 1994, wamevaa nguo zao za kutokea, wakaja kumposa shangazi yangu mdogo nyumbani kwetu Frere Town. Mimi nilikuwa na miaka 10, kazi yangu kupitisha maji ya kunawa. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mzee wao mmoja alipokohoa kidogo, akauliza kwa upole kabisa: "Na nyinyi hasa, asili yenu ni watu wa wapi?"

Mtu wa pwani analijua swali hilo na kilichomo ndani yake. Babu yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu siku ile, alianza kulizunguka. Sisi ni watu wa papa hapa Kisauni, wazee wetu wamezaliwa hapa, makaburi yetu yako hapa. Hakufika mbali. Pazia la jikoni lilifunuliwa, Nyanya akatokea na mwiko mkononi.

"Sisi ni watu wa melini," akasema. "Babu yangu alishushwa hapa na manowari ya Waingereza, mtoto mdogo, hajui hata kwao ni wapi. Aliibwa, akauzwa, akaokolewa baharini. Ukoo wetu unaanzia hapo. Sasa, wali bado uko motoni, hamjala cha mtu. Mkitaka kuondoka, ondokeni na heshima zenu, hakuna atakayewasema. Mkitaka kukaa, naweni."

Walinawa. Walikula wali wa nazi na mchuzi wa changu, wakashukuru, wakavuka daraja kurudi kwao bila kulitaja tena neno la posa. Shangazi alilia siku tatu. Nyanya hakumbembeleza. Alimwambia, "Mwanamume atakayekuoa bila kulijua jambo hili, ipo siku atalijua. Na siku hiyo mimi sitakuwapo jikoni."

Nyanya alizaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2023, akiwa na miaka 95. Aliacha watoto 6, wajukuu 23, vitukuu 31 na vilembwe 2. Majirani walimwita Kengele, na walimwita hivyo mbele yake, naye akiitika. Sauti yake ilifika barabarani hata akiwa uani. Lakini jina lile lilikuwa na maana nyingine pia, na asiyeijua Frere Town hawezi kuipata.

Ukishuka matatu pale Kengeleni, kabla tuktuk hazijakuziba macho, utaiona kengele yenyewe kwenye mnara wake mfupi kando ya barabara. Maelfu ya watu huipita kila siku wakienda Kongowea sokoni, wakienda Bombolulu, wakienda Mtwapa, na wengi wanalijua jina la steji tu. Ilitundikwa na wamisheni kuwaonya wakazi kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Ikilia, unamshika mtoto wako unakimbia.

Mwaka 1873 mjumbe wa Waingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Soko likafungwa, ila majahazi hayakukoma, na manowari za Waingereza zikawa zinayakamata baharini yakiwa yamejaa watu. Watu hao wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, na wengine walikuwa wadogo mno hata kusema kwao ni wapi. Mwaka 1875 chama cha wamisheni cha CMS, kikiongozwa hapa na William Salter Price, kilipata ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaanzisha kijiji na kukiita kwa jina la Frere. Walishushwa hapo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Waliwakuta Waafrika waliolelewa Nasik kule Uhindini, walioitwa Wabombei, ambao nao waliwahi kuokolewa kwenye majahazi wakiwa watoto. Hao ndio waliokuwa walimu na mafundi wa kwanza. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's kilianzia hapa kabla ya kuhamia Limuru mwaka 1930. Kwa hiyo msomaji anaposikia "Nyali" na kuwaza majumba ya ufukweni, maduka makubwa na uwanja wa gofu, namwomba akumbuke kwamba Frere Town ni wadi ya jimbo hilohilo la Nyali, na kwamba kabla ya majumba hayo palikuwa na watoto walioshushwa hapa bila wazazi.

Nyanya alimkuta babu yake akiwa hai, mzee kipofu wa barazani. Alinisimulia kwamba kila kengele ya kanisa ilipolia, mzee yule alisimama wima, hata kama hakuwa na safari, akabaki amesimama mpaka iishe kulia. Jina lake alilipewa ubatizoni. Lile la kwanza, alilopewa na mamake, lilimpotea njiani.

Nilipokuwa chuoni nilikisoma *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934, kinachosimulia habari za watu wa Frere Town walivyotekwa na kukombolewa. Nikaja nyumbani mbio, nikidhani nimepata ufunguo wa kila kitu. Nyanya alinisikiliza akikuna nazi. "Hiyo ni meli ya nyumba ya akina Mbotela, mume wangu," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kama nyanya wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Kila nyumba hapa ina meli yake."

Katika ukoo huo wa Mbotela kulikuwa na jambo lililomgusa sana Nyanya. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, alizaliwa Frere Town mwaka 1940. Wakenya wanamkumbuka kwa mengi: asubuhi ya Agosti 1, 1982 waasi wa jeshi la anga walimchukua nyumbani Nairobi wakamlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Lakini kwetu alikuwa mtu wa kipindi kimoja, *Je, Huu ni Ungwana?*, alichokianzisha mwaka 1966. Redio ya nyumbani ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na kipindi kikianza Nyanya alisimamisha cherehani. Mbotela akiuliza swali lake, Nyanya alijibu kwa sauti kama aliyeulizwa yeye: "Si ungwana hata kidogo!"

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kilichomfurahisha. Leo tunasema ungwana tukimaanisha adabu. Zamani, katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, mtu mwenye nasaba yake kamili, na neno hilo lilikuwa ukuta: huku waungwana, kule watumwa. Kisha akatokea mtoto wa Frere Town, mzao wa waliotekwa, akashika kipaza sauti, akawauliza Wakenya wote, mawaziri kwa makuli, kama mwenendo wao ni wa kiungwana. Nyanya hakulieleza kwa maneno haya. Alisema tu, "Leo anayeuliza ni wetu." Nami sijui kama kuna mwanahistoria aliyeweza kulisema jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Aliishi kwa kushona. Babake alikuwa mtu wa reli, na yeye alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kisha akapewa cherehani ya miguu iliyokuwa ya shangazi yake. Kila Januari nyumba ilijaa vitambaa vya sare za shule. Ilipofika wiki ya kufungua shule, alikuwa anajua ni mtoto gani mtaani ambaye babake hajaleta kitambaa. Hapo utamsikia. Alikwenda steji mwenyewe, leso mbili mwilini, akamwita mwanamume kwa jina lake lote: "Jana nimekuona pale mnazini unanunulia watu tembo. Mtoto wako Jumatatu anavaa nini?" Mtu alitamani ardhi imeze. Na usiku, watu wakishalala, mmoja wetu alitumwa na kifurushi kimefungwa kwa gazeti, tukigonga mlango wa nyuma. Sare mpya, imeshonwa tayari, haina bei. Tuliapishwa tusimwambie mtu, na kwa kweli mpaka leo naona kama ninavunja ahadi nikiandika.

Wanawake wa Mombasa wana sanaa ya kusemezana kwa leso. Mtu huenda Barabara ya Biashara akatafuta jina la leso linalomhusu jirani yake, akaivaa akapita mbele ya mlango wake, ujumbe ukafika bila mdomo kufunguka. Nyanya alivaa leso kwa rangi tu. Alichotaka kukwambia alikwambia, uso kwa uso, kisha akakupakulia. Ila ukishaondoka hukusemwa. Mtu akianza kumteta asiyekuwapo, Nyanya alimwambia asubiri, amtume mtoto akamwite mwenyewe, aje asikie. Mazungumzo yalifia hapo.

Sitaki kumfanya malaika. Ulimi ule uliumiza watu, na aliyeumia zaidi ni mamangu mzazi. Aliolewa akiwa na miaka 20, ametoka Taita, hajazoea mapishi ya nazi, na wiki ya kwanza Nyanya alionja mchuzi wake mbele ya mawifi na wageni, akaweka kijiko chini, akasema, "Huu umewakosea samaki." Mamangu alibeba maneno hayo miaka mingi. Nilipomuuliza Nyanya, alinyamaza, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akasema alikosea. Lakini kumwambia mamangu mwenyewe hakuweza. Mwanamke aliyeweza kumwambia mtu yeyote lolote, neno la samahani kwa mkaza mwana wake lilimshinda. Badala yake alimpa ile cherehani, akiwa bado anaihitaji, akabaki kushona kwa mkono. Mamangu anayo mpaka leo, na amenikubalia niandike haya.

Nyanya alipenda kututembeza. Kwa miguu, jua likishapoa, kundi la wajukuu nyuma yake. Alituonyesha lilipokuwa lile daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, yeye akiwa na miaka mitatu. Alisema maji yakijaa na kupwa daraja nalo lilipanda na kushuka, na babake akimpitisha alimbeba begani kwa sababu alilia akiamini wanatembea juu ya mgongo wa samaki. Daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980 alikwenda kulivuka kwa miguu, kwenda na kurudi, akaridhika kwamba halichezi. Alitupeleka pia kwenye kaburi la Rosine, mkewe mmisheni Krapf, karibu na bahari. Mama yule alifika Mombasa Mei 1844, akajifungua, na Julai akafa pamoja na kichanga chake. Nyanya aling'oa majani kando ya kaburi kwa mikono. Nilimuuliza kwa nini anamfagilia Mzungu asiyemjua. Akanijibu kwamba aliyelala pale alikufa mbali na mamake, basi.

Alikuwa na huruma ya namna hiyo kwa kila aliyefika hapa kutoka mbali, na Agosti 1997 huruma hiyo ilipimwa. Ghasia zililipuka Likoni usiku wa tarehe 13, kituo cha polisi kikavamiwa, kisha watu wa bara wakawindwa majumbani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia makanisani. Ng'ambo yetu ya kaskazini hofu ilitanda. Vikaratasi viliokotwa, maneno yakazagaa kwamba wabara waondoke. Nyanya alikuwa na mpangaji chumba cha uani, mama kutoka Nyanza aliyeuza samaki Kongowea, na watoto wake watatu. Aliwahamishia ndani, chumbani kwake.

Jioni moja walikuja vijana watano. Wawili nilikuwa nawajua, walishonewa sare na Nyanya. Waliamkia vizuri, "Shikamoo Nyanya," kisha wakauliza kama kuna wageni humu. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, hakuinuka.

"Yupo," akasema. "Ni mimi. Babu yangu hakuzaliwa Kisauni. Alitoka mbali kuliko hao mnaowatafuta. Kama mnafukuza wageni kwa zamu, anzeni na mimi, kwa sababu mimi ndiye wa zamani."

Mmoja akacheka kwa aibu. Mwingine akasema, "Ala, Nyanya, hatukusudii wewe." Akawajibu, "Najua hamnikusudii. Ndiyo maana nawaambia." Wakaaga. Yule mama na wanawe walilala chumbani kwa Nyanya wiki tano. Nilikuwa na miaka 13, na usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba lile jambo ambalo watoto wenzetu walikuwa wakitutusi nalo shuleni, neno lile la "mtumwa", Nyanya alikuwa ameligeuza kuwa mlango wa kumpitisha mtu.

Narudi kwa wale wageni saba.

Wiki mbili baada ya kula na kuondoka kimya, alikuja mamake yule kijana aliyetaka kumwoa shangazi, peke yake. Alishuka matatu Kengeleni, akauliza njia, akaja mpaka uani. Hakutaka sebule. Aliomba kukaa jikoni. Nyanya alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akamsogezea kigoda, akanifukuza mimi na binamu zangu, akateremsha pazia. Walikaa humo tangu adhuhuri hadi jua linazama. Tuliwasikia wakinong'ona, na Nyanya kunong'ona lilikuwa jambo geni hata tukadhani anaumwa. Wakati fulani mmoja wao alilia, na sikuweza kujua ni yupi. Alipotoka, mama yule alikuwa amefungwa leso ya Nyanya kiunoni na macho yamemvimba. Mwezi uliofuata posa ililetwa upya, na kabla mwaka haujaisha shangazi akaolewa. Wana watoto wanne sasa.

Tulimuuliza Nyanya, kwa miaka na miaka, waliambiana nini. Shangazi aliuliza, babangu aliuliza, mimi niliuliza kama mjukuu na baadaye kama mwandishi wa habari, na kalamu mkononi. Jibu lilikuwa moja: "Ya kwangu nimekwambieni yote. Ya mwenzangu ni ya mwenzangu." Nadhani ninajua. Nadhani kila anayesoma hapa anaweza kubahatisha mama yule alikuja kuweka nini chini, baada ya kumsikia mwanamke mwingine akilitaja la kwake hadharani na paa lisianguke. Lakini kubahatisha si kujua, na Nyanya alihakikisha hatujui.

Ndiyo maana matanga yake yalitushangaza. Tulitazamia ukoo, kanisa na majirani. Walikuja watu tusiowafahamu kabisa. Mzee mmoja kutoka Changamwe alilia mpaka akashikwa, na alipoulizwa uhusiano wake na marehemu alisema, "Aliniwekea neno," asiongeze. Wanawake wa Kiislamu wa Kongowea walikuja na buibui zao wakajaza mikeka ya uani tangu asubuhi, na mmoja wao, nilipompelekea chai, alinishika mkono akaniambia kwamba kuna jambo alimwambia Nyanya mwaka 1986, na kwamba hajawahi kusikia hata nusu yake likirudi kwake mtaani. Mtaa mzima ulikuwa umefanya hesabu ambayo sisi wa nyumbani hatukuiona: mwanamke asiyeficha la kwake hana haja ya kuliuza la mwingine. Walimletea, naye akapokea miaka 60 na zaidi, na amezikwa nayo yote.

Kazi yangu ni kuandika, na nakiri kwamba lilinichoma. Historia ya Frere Town imo vitabuni kwa upande wa wamisheni, idadi za majahazi, majina ya manowari. Ile ya jikoni, nani alitoka wapi, nani alijificha nyuma ya jina gani ili mwanawe aolewe, ilikuwa kifuani mwa mwanamke mmoja, na sasa iko chini ya mchanga. Kuna siku natamani angalau angeniachia kidogo. Kuna siku nyingine nafikiria yule mama wa 1986, na nashukuru hakuniachia.

Siku ya tatu ya matanga, gari lilisimama nje, akashushwa bibi wa miaka 80 na ushei, wajukuu wamemshika huku na huku. Alikuwa mkwewe shangazi, mamake yule kijana wa mwaka 1994. Wazee walisimama kumlaki. Aliwapita. Alipita sebule, akapita mikeka ya uani, akaingia jikoni, akaondoa mikono ya wajukuu, akakaa taratibu juu ya mbuzi ya Nyanya, ambayo tangu msiba hakuna aliyekuwa amethubutu kuikalia.

"Nazi ziko wapi?" akauliza.

Shangazi akamletea. Akaanza kukuna, polepole, mikono inatetemeka, tui la watu mia. Nilichuchumaa karibu naye na sahani ya kukingia machicha, na kwa sababu nisingepata nafasi nyingine, nikamuuliza: "Mama, siku ile mlizungumza nini na Nyanya?"

Akanitazama kitambo.

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kizio kingine, akaendelea kukuna.